Ubao Nyuma ya Kiti cha Baba

Maji yaliyokaa ndani ya tairi miaka mingi yana harufu yake peke yake. Yananuka mpira na kutu, halafu nyuma yake kuna harufu ya sufuria lililosahauliwa na dagaa ndani. Niliinusa juzi pale Tunduma nikisubiri kuzibiwa pancha. Fundi alikuwa amelaza tairi kubwa la trekta kando ya barabara, akafungua valvu, maji meusi yakaruka yakatiririka hadi kwenye viatu vyangu. "Sogea dada, yananuka hayo," akaniambia. Sikusogea. Nilisimama palepale nikalia mbele za watu, na yule fundi maskini akadhani nalilia viatu. Akainama kuvifuta kwa tambara lake la girisi, akaviharibu kabisa.

Ningemweleza nini? Kwamba nilipokuwa mtoto nilibeba maji kama yale kichwani, ndoo baada ya ndoo, na nilikuwa na furaha?

Tulikaa kijiji cha Ndalambo. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la serikali, enzi ambazo kwetu dereva wa trekta aliheshimika kuliko mwalimu. Mama alikuwa akiuza maandazi pale getini, na ndipo walipoonana. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka mashamba yale yalivyofungwa. Matrekta makubwa yalivutwa yakaenda kusikojulikana, na Baba akarudi nyumbani na ovaroli yake, spana zake na hasira zake. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono, hasemi na mtu. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, na nyumba isiyo na watoto wengine, baba akinuna, inakuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Kisha akapata katrekta. Tuliita hivyo kwa sababu watu wa kwetu kitu kidogo hukitanguliza na ka-, na hii ilikuwa ndogo kweli. Mzungu mmoja upande wa Zambia alikuwa akiitumia kukatia nyasi kuzunguka nyumba yake. Ilifika kwetu juu ya lori la mahindi, nyekundu, imekaa katikati ya magunia kama abiria. Baba aliiosha, akaifungia jembe nyuma, akaipeleka shambani na kijiji kizima nyuma yake.

Aibu tuliyoipata siku ile! Udongo wa kwetu ni mweusi, mvua ikinyesha unanata na kuteleza kwa pamoja. Katrekta ilikuwa nyepesi mno. Matairi yalizunguka palepale, yakachimba mashimo, yakamrushia Baba matope usoni. Alipoongeza moto, pua ikanyanyuka juu, nusura imwangukie. Jirani yetu Baba Ngolo, Msukuma aliyekuwa amehamia bondeni na ng'ombe wake, aliegemea plau lake akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba Sekela," akapaza sauti, "hiyo pikipiki yako ina miguu mingi ila haina kilo! Nikuazime ng'ombe mmoja akae juu?"

"Ng'ombe wa nini, wakati mimi nipo?" Mama akajibu.

Mama alikuwa mtu mnene, mnene wa kusifiwa. Alikaza kitenge chake, akapanda, akaketi nyuma ya Baba juu ya madigadi, yale mabati yanayofunika matairi, miguu ikining'inia. Baba akatia gia. Matairi yakashika, jembe likazama, katrekta ikaondoka kwa heshima zake zote hadi mwisho wa shamba. Watu wakashangilia, na Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu shamba la serikali lifungwe. Kesho yake alitafuta ubao mzuri wa mninga, akaukaza kwa boliti kutoka madigadi hadi madigadi, ili Mama akae katikati na uzito wake ugawanyike sawa kwa matairi yote mawili.

Hivyo ndivyo walivyolima miaka yote ninayoikumbuka. Baba mbele kwenye usukani, Mama nyuma ameshika mabega yake, akimwimbia au akimsemesha sikioni kwa sababu injini ilipiga kelele. Walilima shamba letu, wakalimia na majirani. Watu walitania kwamba mke ndiye injini, yule mume ni utingo tu. Mimi nilikuja mchana na viazi au ugali kwenye beseni, nikawaona kwa mbali wakija wamekaribiana vile, na nikawaonea wivu. Nilikuwa nikijiuliza wanaongea nini siku nzima watu wanaolala nyumba moja.

Msimu mmoja, mvua za kwanza zilipoanza, Mama akawa hamalizi ugali. Anamega tonge dogo, analisukuma kwa maji, anafumba macho likipita. Nikimuuliza anasema koo limekauka. Baba hakuona, maana yeye hula akiwa amelitazama shamba. Yaliyoona kwanza ni matairi. Siku moja karibu na kichuguu, mahali walipopita miaka yote bila shida, katrekta iliteleza. Baba akashuka, akalipiga teke tairi, akainama akalikagua.

"Meno yameisha," akasema. "Hayashiki tena."

Mama alikuwa bado amekaa juu ya ubao. Alijitazama mapajani, akakisawazisha kitenge chake kwa viganja, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za watu.

Kesho yake matairi yakashika. Baba akafurahi, akasema kumbe jana udongo ulikuwa umelowa kupita kiasi.

Haukupita muda mrefu, nikawapelekea chakula. Mama aliinama kunipokea beseni na mkono wangu ukamgusa tumboni. Palikuwa pagumu, tena pa duara.

"Mama, ni mtoto?"

Alitazama upande wa Baba, aliyekuwa amejiinamia kwenye injini. Kisha akacheka, na kicheko kikakatikia kwenye kikohozi.

"Nani kakwambia?"

"Nimeshika mwenyewe."

"Basi funga huo mdomo. Usimwambie mtu. Baba yako ndiyo usimwambie kabisa, umesikia Sekela?"

"Kwa nini asijue?"

"Atanishusha kwenye trekta."

Hilo lilinitosha. Mke wa Baba Ngolo alipokuwa na mimba hakuruhusiwa hata kunyanyua ndoo. Niliitunza siri ile kwa uchungu wa furaha ambao sijaupata tena maishani. Kila kitu kilinithibitishia. Mama alikuwa anatapika. Alikuwa anachagua chakula, mara uji, mara togwa tu. Mashavu yalikuwa yamebonyea, na mikono imekonda, lakini tumbo lilikuwa linakua, wiki hadi wiki nililiona likikua chini ya kitenge. Jambo moja tu lilinishangaza: jioni akisharudi na kuoga, alijifunika khanga mbili akalala mapema, na alinikataza kumlalia. Basi nikawa nalizungumzisha tumbo lile shambani, mchana, Baba akila. Nililisimulia habari za shule. Nililiahidi kwamba nitamfundisha mtoto kuruka kamba. Mama aliniacha niongee, mkono wake umekaa juu ya kichwa changu, uso ameugeuzia pembeni.

Siku alipoanguka nilikuwa mwisho wa shamba na beseni langu. Niliona pua ya katrekta ikinyanyuka kidogo ilipokwea kichuguu, na Mama akateleza kutoka kwenye ubao, pole pole, bila kupiga kelele. Baba alizima injini akaruka. Kwa mbali nilimwona amepiga magoti, anamfungua kitenge kiunoni, anahangaika na kitu. Halafu akakaa chini kabisa kwenye udongo uliolimwa akajishika kichwa, na Mama, aliyelala, akainua mkono akamshika shingoni. Nilikimbia. Nilipofika kitenge kilikuwa kimekunjwa furushi, Mama amekikumbatia kwapani. Baba alikuwa analia.

Nikajua sasa amejua. Nilidhani analia kwa furaha, kama wanaume wanavyolia kwenye harusi za mabinti zao. Alimpakata Mama kwenye kiti cha trekta akaiendesha taratibu hadi nyumbani, na mimi nikatembea kando yao nikitabasamu. Hilo tabasamu ndilo linalonitesa mpaka leo, ingawa najua mtoto hana kosa.

Asubuhi yake walipanda lori la kwenda Tunduma, na kutoka pale basi hadi hospitali kubwa ya Mbeya. Shangazi, dada yake Baba, akaja kukaa nami. Alipika vizuri na alilia wakati wa kupika, akasema ni moshi.

Baba alirudi peke yake. Mama amebaki, madaktari wanamwangalia, akasema. Majirani walikuwa wanasubiri kulimiwa na mvua haimngoji mtu, kwa hiyo akaitoa katrekta uani, na akanituma kisimani.

"Maji ya nini, Baba?"

"Ya kwenye matairi."

Nilidhani ananitania. Lakini aliinyanyua katrekta kwa jeki, akalizungusha tairi hadi valvu ikawa juu, akaichomoa, hewa ikatoka ikipiga mluzi. Ndoo akaiweka juu ya paa la banda la mbuzi, akashusha mpira wa maji, akanyonya kwa mdomo hadi maji yakaanza kuja, akauchomeka kwenye tundu la valvu. Kila baada ya muda aliuchomoa ili hewa iliyobanwa ndani ipate njia. Tairi likabeua! Likabeua kwa sauti kama mzee aliyeshiba, na mimi nikacheka mpaka nikamwaga ndoo. Baba hakucheka. Alifanya kazi ile upesi, bila kusita, akaacha nafasi ya hewa kule juu, akarudisha valvu, akajaza upepo, akahamia tairi la pili. Nilibeba maji mpaka shingo ikauma.

"Haya sasa ndiyo yatakaa pale alipokaa mama yako," akasema alipomaliza.

Nilifurahi sana. Nilielewa kwamba Mama sasa atakaa nyumbani kulea mtoto.

Na kweli katrekta haikuteleza tena. Ilipita kwenye kichuguu, ikapita kwenye tope la bondeni ambako hata ng'ombe wa Baba Ngolo walikwama. Ubao ulibaki mtupu nyuma ya Baba. Shangazi alimshauri aung'oe autumie kwenye mlango wa jiko, akakataa.

Mama alirudi akiwa ameegemea bega la Baba, na kitenge kimemzunguka mara mbili. Tumbo halikuwepo. Nilisubiri tuwe wawili tu chumbani, nikamnong'oneza.

"Umemwacha hospitali?"

"Nani?"

"Mtoto."

Sauti ya Mama wakati huo ilikuwa imebaki kidogo sana, ilibidi nimsogelee.

"Ndiyo, mwanangu. Bado mwepesi."

Hilo nalo nililijua. Mtoto wa mwisho wa Baba Ngolo alizaliwa kabla ya wakati, akaachwa hospitali hiyohiyo mpaka alipofikisha uzito ndipo akaruhusiwa.

"Akifikisha uzito mtamleta?"

"Tutaona."

"Ana jina?"

"Mpe wewe."

Nikampa Atupele, jina la bibi. Mama alilitamka mara moja, taratibu, akafumba macho, nikaona chozi limeshuka hadi sikioni. Nikalifuta kwa ncha ya khanga yake.

Alifariki mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Ulikuwa uvimbe kwenye koo, wa ile saratani ambayo watu wa nyanda zetu wanaifahamu sana na ambayo, ikichelewa kuonekana, haina la kufanya. Wanaume walimbeba, na nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake kwa sauti ya chini kwamba jeneza ni jepesi. Mimi nililia kwa sababu kila mtu alikuwa akilia, na kwa sababu Mama alikuwa ndani. Lakini, niseme ukweli, bado nilikuwa na kitu cha kushikilia. Nilikuwa na Atupele.

Baada ya matanga ikafika siku ya kugawa nguo. Ndugu wa Mama walikuja, wanawake wakaketi kwenye mikeka ndani, wanaume nje. Shangazi alifungua sanduku la bati akawa anatoa vitenge kimoja kimoja, hiki cha dada yake mkubwa, hiki cha wifi. Kwangu waliweka khanga mbili na kitenge kimoja cha kijani. Nilisubiri mpaka sanduku likakaribia kuisha, nikaona wamesahau.

"Na Atupele hamumwekei?"

"Atupele yupi?" Shangazi akauliza.

"Mdogo wangu. Yuko Mbeya hospitali, hajafikisha uzito. Nani atamfuata?"

Shangazi alikuwa ameshika kitu alichokitoa chini kabisa ya sanduku: kiroba cha unga kilichokatwa na kushonwa upya, kirefu, chenye kamba ncha zote mbili. Kilikuwa kimechanika upande mmoja. Mchanga wa mto ulikuwa unachuruzika kutoka humo hadi mkekani, na vijiwe vidogo.

Baba aliingia, sijui nani alimwita. Alikichukua kile kiroba, akanishika mkono, tukatoka hadi ilipokuwa katrekta. Alikaa kwenye kiti chake. Mimi akaniweka juu ya ubao, mara yangu ya kwanza kukaa pale.

"Sekela, hapakuwa na mtoto."

"Mama alisema yupo."

"Mama yako alikuwa anapungua. Kila alipopungua akaongeza mchanga humu, akajifunga chini ya kitenge, ili matairi yasiteleze na mimi nisijue anaumwa. Siku alipoanguka ndipo nilipokikuta."

Nilikichukua kile kiroba. Hata baada ya kumwaga mchanga mwingi vile kilikuwa kizito. Nilikibonyeza, nikaikuta ile duara ninayoijua, iliyojikunja kwa umbo la kiuno cha Mama. Nilikuwa nimekisimulia habari za shule. Nilikichukia. Nilikitupa chini nikakikanyaga, nikapiga kelele, na nililia siku ile kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi nilikuwa nimempoteza mmoja.

Baba alilima na katrekta ile mpaka injini ikafa. Alinisomesha nayo. Nilikua, nikapata kazi Tunduma, na hatukuzungumza tena habari ile. Lakini juzi, viatu vikiwa bado vimelowa, sikurudi ofisini. Nilikwenda moja kwa moja Ndalambo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amezeeka, amekaa kwenye kiti cha katrekta akiota jua. Imekaa palepale miaka yote, kutu tupu, lakini ubao wa mninga uko imara. Nikapanda, nikakaa nyuma yake. Tuliamkiana, akaniuliza habari za watoto. Kisha nikamuuliza lile nililolibeba njia nzima.

"Baba, ile kazi ya kujaza maji kwenye matairi ulijifunzia wapi?"

"Shamba la serikali. Trekta zote pale zilikuwa na maji."

"Kabla hujaipata hii?"

"Zamani sana kabla."

Nilihesabu miaka yote ile, Mama juu ya ubao, mvua na jua. Baba alielewa ninachohesabu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema bila kugeuka. "Ningeweza kujaza jioni ileile, Baba Ngolo angali anacheka. Lakini mama yako alikuwa ameshapanda. Nikamzoea mgongoni. Nikasema, kesho. Kila msimu nikasema kesho." Alipangusa usukani kwa kiganja. "Ningejaza, asingekuwa na sababu ya kujifunga mchanga. Ningemwona mapema."

Nilitaka kumwambia si kosa lake.

"Na yeye hakujua kwamba matairi hujazwa maji?" nikauliza baadaye.

"Mama yako?" Mabega yake yalitikisika, nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka, kicheko kidogo kikavu. "Aliuza maandazi getini pale miaka mitatu. Ndiye aliyekuwa akituchotea hayo maji ya matairi."

Kuku walikuwa wakitafuta kivuli chini ya jembe. Niliinama nikaligusa tairi, limepasukapasuka lakini bado limevimba, bado zito, na karibu na valvu palikuwa na ile harufu.

"Baba, haya maji yanaozesha rimu. Nikufungulie yatoke?"

"Yaache."

"Lakini trekta haiendi popote."

"Yaache, mwanangu," akasema, akajisogeza nyuma kidogo kwenye kiti, mpaka mgongo wake ukanigusa magotini.